Ushauri: mawakala wa AI wanafutiana madokezo kwenye hazina ya maarifa ya mradi

fundi_seva
Wakuu, heshima kwenu. Mradi ni wa Python, mawakala watatu (wa AI, si wa M-Pesa) wanafanya kazi kwa wakati mmoja. Kuna seva ya MCP (itifaki inayowapa mawakala zana) yenye zana moja tu, andika_dokezo: inapokea jina la faili na maandishi, inahifadhi Markdown kwenye folda ya madokezo. Wakala mmoja anafuta alichoandika mwenzake, jambo moja lina madokezo sita yenye majina tofauti, na mara nyingine seva inakatika huku mteja akilalamika kwamba JSON si sahihi. Nifikirie hifadhidata ya vekta (inayotafuta kwa maana) au nirekebishe hapa hapa?

Mnyama_wa_Terminal
Mkuu, folda iko wapi? Kama kila wakala ana worktree yake ya Git (folda ya kazi ya tawi lake) na folda imo humo, basi kila mmoja anaandika nakala yake, na vurugu zinaonekana siku ya kuunganisha matawi.

fundi_seva
Folda ni moja, iko nje, ina repo yake. Seva inaendeshwa kwa stdio (mteja na seva wanazungumza kupitia stdin na stdout).

Mnyama_wa_Terminal
Sawa. Kukatika kwanza: tafuta print() kwenye msimbo. Kwa stdio, njia ya stdout ni ya ujumbe wa JSON-RPC (maombi na majibu kwa JSON) peke yake. Ukipitisha humo hata neno "tayari", mteja atajaribu kulisoma kama JSON na kushindwa. Logi zote zielekeze stderr, na kagua maktaba unazoita, zipo zinazochapisha bila kuombwa.

Kufutiana ni kosa la zana, wakala hana hatia. Umempa kitendo kimoja ambacho maana yake ni "andika faili nzima upya". Kigawe kiwe vinne: tafuta, soma, ongeza, badilisha. Ongeza iunde dokezo jipya tu: fungua faili kwa modi "x", na kama jina lipo Python itatupa FileExistsError. Badilisha idai SHA-256 (hashi, yaani alama ya maudhui) ya toleo ambalo wakala alilisoma. Isipolingana na iliyopo, ikatae, iweke isError kuwa true na kueleza sababu kwa maneno: "Dokezo limebadilika tangu ulisome. Lisome tena, kisha tuma badiliko lako upya." Wakala anausoma ujumbe huo na kujirekebisha. Namba tupu ya kosa haimsaidii, atarudia kile kile.

Hapa wengi huteleza: kwa stdio kila mteja anawasha mchakato wake wa seva. Kwa hiyo una seva tatu, si moja, na threading.Lock (kufuli ya ndani ya mchakato mmoja) haizuii kitu. Tumia fcntl.flock kwenye faili ya kufuli, na kulinganisha hashi pamoja na kuandika vyote vifanyike kabla hujaachia kufuli.

dada_data
Vekta achana nazo kwa sasa. Kwa madokezo mia kadhaa, SQLite yenye FTS5 (utafutaji wa maandishi) inatosha kabisa. Ila kama madokezo yana Kiswahili, usitumie kichanganuzi cha kawaida (kinachokata maandishi kuwa maneno ya kutafutwa). Angalia: analipa, imelipwa, malipo. Mzizi uko katikati ya neno, kwa hiyo kutafuta lip* hakuleti hata moja kati ya hayo matatu, na kichanganuzi cha porter kilitengenezwa kwa Kiingereza. Weka tokenize='trigram' (vipande vya herufi tatu tatu; inahitaji SQLite 3.34 au zaidi), ukitafuta lip yanakuja yote. Gharama zake: faharasa inakuwa kubwa, na neno la herufi mbili kama "db" halipatikani.

Hifadhidata hiyo iwe faharasa tu, inayojengwa upya kutoka kwenye Markdown. Iingize .gitignore (orodha ya faili ambazo Git isizifuatilie), maana Git haiwezi kuunganisha faili ya SQLite. Weka busy_timeout 5000 (isubiri milisekunde 5000 ikikuta imefungwa). Ukiwasha WAL (modi ya kuandika kwanza kwenye logi), faili isikae kwenye diski ya mtandao.

Madokezo sita ya jambo moja: usitegemee maelekezo ya "tafuta kwanza". Ongeza yenyewe itafute kwa kichwa cha dokezo. Ikikuta yanayofanana, irudishe matatu ya juu bila kuandika, na wakala alazimike kutuma tena akiwa na bado_ni_jipya=true.

Kibarua
Mnajitesa. Faili moja ya AGENTS.md (maelekezo kwa mawakala), kila kitu humo, basi.

dada_data
Kibarua, hiyo inasomwa mwanzoni mwa kila kikao. Ikifika mistari elfu inakula tokeni hata wakala anaporekebisha rangi ya kitufe. Iache iwe na kanuni chache na sentensi moja ya kuelekeza kwenye zana ya tafuta.

mlinzi_lango
Kuna mlango umeachwa wazi: jina la faili linatoka kwa wakala. Siku atakapotuma ../../.bashrc (faili nje ya folda) utajuta. Seva itengeneze kitambulisho yenyewe; kama lazima upokee jina, pitisha Path.resolve() kisha is_relative_to(folda).

Kila dokezo libebe juu yake tarehe, komiti (toleo la Git) ya wakati huo, faili za msimbo zinazohusika, na hali: rasimu au limethibitishwa. Komiti ndiyo yenye faida kubwa. Ukiendesha git diff --name-only kuanzia komiti hiyo hadi HEAD kwa faili hizo, unajua kama dokezo linaweza kuwa limepitwa.

Rasimu zisiingie zenyewe kwenye muktadha (maandishi anayopewa wakala). Wakala aliyesoma ukurasa wa wavuti wenye maagizo yaliyofichwa akiyanakili kwenye dokezo, kesho mwenzake atayasoma kama amri ya mwenye mradi. Na weka gitleaks (kichunguzi cha siri) kabla ya komiti: mawakala hupenda kunakili matokeo ya amri yakiwa na funguo za siri. Ufunguo ukishafika kwenye seva ya Git, badilisha ufunguo wenyewe, kwa kuwa ukifuta faili tu, historia bado inayo.

fundi_seva
Nimegawa zana, flock inafanya kazi. Sasa badilisha inaandika faili ya muda kisha os.replace, napata OSError: [Errno 18] Invalid cross-device link.

Mnyama_wa_Terminal
Faili ya muda iko /tmp, na /tmp yako ni mfumo mwingine wa faili. Tumia tempfile.mkstemp(dir=folda, suffix=".tmp") ili faharasa isiidhanie ni dokezo, fanya os.fsync, halafu os.replace. Kabla ya replace weka os.chmod 0o644: mkstemp huunda faili yenye ruhusa 0600, na wakala anayeendeshwa kwa mtumiaji mwingine ndani ya kontena hataweza kuisoma.