Kupima NT wiki ya 12, shida ni mashine au mkono?

SonoKandaYaZiwa:
Habari wakuu, napiga ultrasaundi kituo binafsi huku Mwanza. Siku hizi kina mama wa miaka 35 kwenda juu wanakuja wameshasoma mtandaoni wanataka kujua kama mtoto ana Down (ile hali ya kromosomu moja kuzidi). Napima NT, yale maji ya nyuma ya shingo ya mtoto, lakini mama huyohuyo napata 1.9 mm, nikirudia baada ya dakika tano inasoma 2.6, sasa nimwandikie ipi? Bosi anataka kununua mashine mpya, mimi roho inakataa. Wenye uzoefu naombeni msaada.

Probu_Mkononi:
Mkuu mashine inasingiziwa bure. Anza na CRL, urefu wa mtoto toka kichwani hadi makalioni, kama haijafika 45 mm au imepita 84 usiipime NT kabisa, chati zimetengenezwa kwa wiki 11 hadi 13 na siku 6 tu. Hiyo tofauti yako nahisi ni shingo, mtoto akiinua kidevu namba inaweza kupanda hata 0.6, akiinamia kifua inashuka kama 0.4, kwahiyo subiri akae sawa, mama akohoe au atembee kidogo. Kuza picha mpaka kichwa na kifua tu vijaze skrini, punguza gein (ung'avu wa picha), vile vimsalaba vya kupimia uviweke juu ya mistari myeupe yenyewe. Halafu hakikisha huo mstari ni ngozi sio utando wa amnioni (mfuko wa maji unaomzunguka mtoto), hapa ndo wengi tunapigwa, mtoto akiwa ameulalia huwezi kutofautisha, ngoja aruke. Picha nzuri zikiwa kadhaa andika kipimo kikubwa.

SonoKandaYaZiwa:
Duh hiyo ya amnioni nilikuwa siizingatii. Tatizo lingine wengi wanaanza kliniki mimba ina miezi mitano!

Mbongo_London:
Hao wa miezi mitano NT imeshawapita, waangalie moyo na viungo vingine. Huku London daktari Nicolaides na wenzake wa King's College ndo walioikuza hii njia miaka ya 90, na hawakuishia kwenye mashine, shirika la Fetal Medicine Foundation wanakagua picha zako ndo wakupe cheti. NT na umri peke yake inakamata kama 75% ya Down, ukiongeza vipimo vya damu ya mama, yaani PAPP-A na beta-hCG zinazotengenezwa na kondo, inafika 85 hadi 90. Ila programu ya kukokotoa hatari ijazwe uzito na asili ya mama, maana PAPP-A ya wanawake weusi huwa juu, usipojaza hatari inaonekana ndogo kuliko ilivyo. Na mfupa wa pua, ambao usipoonekana huchukuliwa kama dalili nyingine ya Down, usiukimbilie, kwa watoto wetu wazima kabisa kutoonekana mapema hutokea zaidi kuliko kwa wa wazungu.

MamaK_39:
Jamani wataalamu, mimi nimeambiwa hatari ya Down ni 1 kwa 90 nikalia wiki nzima, ndo nini hiyo?

Probu_Mkononi:
Pole dada. Wakiwekwa wajawazito 90 wenye majibu kama yako, 89 watoto wao hawana Down. Ukitaka uhakika zaidi kuna NIPT, kipimo cha DNA kwenye damu ya mama, lakini jibu la mwisho ni amniosentesis (kuchota maji ya uzazi kwa sindano), kuanzia wiki ya 15, na kukataa ni haki yako. Kama NT ilikuwa 3.5 au zaidi omba moyo wa mtoto uangaliwe hata kromosomu zikiwa safi.

SonoKandaYaZiwa:
Bosi nimemtumia huu uzi, anauliza kozi ya hicho cheti bei gani 😂

Mbongo_London:
Ya mtandaoni ni bure mkuu, bando tu.