Naomba ushauri: je, sisimizi huhisi maumivu?

Ndugu zangu, habari za jioni. Ninaishi Tabata, Dar es Salaam, na tangu mvua zianze sisimizi wamepanga mstari kutoka dirisha la jiko hadi kwenye kopo la sukari. Juzi niliwamwagia maji ya moto, na binti yangu wa miaka saba akanionyesha mmoja aliyebaki akijikunja na kujinyoosha kando ya sinki, akaniuliza kama anaumia, nilikosa jibu.

Ninaelewa kwamba mdudu kukwepa joto kunaweza kuwa mwitikio wa neva tu, usiothibitisha maumivu. Hata hivyo, chungu weusi wa Afrika wanaowinda mchwa, Megaponera analis, huwabeba wenzao waliojeruhiwa hadi kiotani na kuwatibu vidonda, ingawa kinachowaita ni harufu anayoitoa majeruhi, jambo linalozidi kunichanganya.

Naomba wenye ujuzi wa wadudu wanisaidie: nimjibu nini mtoto bila kumdanganya, na niwazuieje bila kuwaunguza, kwa kuwa sahani ya maji niliyoweka chini ya kopo imeokoa sukari pekee, na sasa wamehamia kwenye mkate?