Wenye magemu, bosi wa kupigana peke yako mmemtengenezea nani? (Goma, Bukavu, Lubumbashi, njooni hapa)

Ndugu zangu, uzi huu ni wa hasira. Anayetaka kuandika "jifunze kucheza" asome kwanza mpaka chini.

Magemu makubwa ya mtandaoni siku hizi yana mahali ambapo unatenganishwa na wenzako na kufungiwa chumbani na bosi, yaani adui mkubwa wa gemu. Hakuna mponyaji, hakuna wa kukuinua ukianguka, na huwezi kusimamisha gemu kwa sababu chumba chenyewe kiko kwenye seva, kompyuta ya mbali ya wenye gemu. Watengenezaji wanasema wametuonea huruma sisi tusio na kundi. Kwa mtu wa Himbi (Goma) au wa Kadutu (Bukavu) mambo ni kinyume. Mkiwa wanane na laini yako ikakatika sekunde sita, wenzako wanamshika bosi, unarudi, unainuliwa, pigano linaendelea. Ukiwa peke yako, sekunde sita hizo zinatosha kukumaliza, na unaanza upya.

Tupige hesabu, maana wengine wanadhani tunatafuta visingizio. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Kivu kupitia pwani ya mashariki na nyaya za baharini mpaka seva iliyoko Uingereza ni zaidi ya kilomita 10,000. Kwenda na kurudi, milisekunde 100 zimekwisha kabla mnara wa simu haujaongeza za kwake. Hizo hatulalamiki, hakuna wa kuzipunguza. Kinachotuua ni kuyumba. Pingi, yaani muda wa amri kwenda kwenye seva na kurudi, ikiwa milisekunde 250 na imetulia, mkono unaizoea: unabonyeza mapema kidogo, basi. Pingi ya 130 inayoruka mpaka 900 saa mbili usiku, wakati mtaa mzima uko kwenye mnara mmoja, hiyo hakuna mkono wa kuizoea.

Chukueni TzTok-Jad, bosi wa gemu la Old School RuneScape. Gemu hilo liko kwenye simu tangu 2018, halili mega nyingi, simu ya kawaida inalibeba. Seva yake inahesabu kwa tiki, kila tiki ni sekunde 0.6. Maadui wanakuja kwa mawimbi, na Jad yuko wimbi la 63, la mwisho. Anapiga kila baada ya tiki 8, yaani sekunde 4.8, na pigo lake linaweza kufika 97, wakati kiwango cha juu kabisa cha uhai wa mchezaji ni 99. Akiinuka na kuvuta moto, unawasha sala ya kukinga uchawi. Akibamiza miguu ya mbele chini, unawasha ya kukinga makombora. Ni mambo mawili tu, mtoto anayaelewa. Lakini tazameni amri yako inavyosafiri: ikifika milisekunde 10 baada ya tiki kupita, haichelewi milisekunde 10, inasubiri tiki inayofuata. Kuyumba kidogo kwa laini kunageuka kuwa milisekunde 600 nzima, na nafasi yenyewe ya kubonyeza ni ya tiki chache. Ukikosa mara moja unaweza kufa papo hapo, na ukifa unarudishwa wimbi la kwanza. Mawimbi 62 yamekwenda na maji, na hukukosea kitu. Uliona, ulijua, ulibonyeza.

Na bado hatujagusa wenye ulemavu. Asiyetofautisha nyekundu na kijani anawekewa duara jekundu juu ya nyasi. Kiziwi anawekewa bosi ambaye onyo lake ni mngurumo tu, bila alama yoyote kwenye ekrani. Mwenye mkono mmoja anaambiwa ashikilie kitufe cha kinga, asogee, ageuze kamera, vyote kwa pamoja. Msimwambie anunue maneti (kidhibiti cha mkononi) maalumu: ile ya Xbox iliyotoka 2018, yenye matundu 19 ya kuchomeka vitufe vya nje, ilianza kwa dola 99.99, na vitufe hivyo vinanunuliwa kando. Ongezeni usafiri na forodha mpaka Bukavu.

Msituambie pia kwamba haiwezekani. Final Fantasy XIV, ukishindwa kwenye pigano la hadithi la peke yako, ukirudia unaruhusiwa kuchagua rahisi au rahisi sana. Mapigano ya kundi yamebaki na ukali wake wote. World of Warcraft mwaka 2025 waliweka kitufe kimoja kinachokuchagulia pigo linalofuata, kwa gharama ya kuchelewa kidogo kati ya pigo na pigo. Mkono mmoja unatosha. Gemu hilohilo lakini, walipoirudisha Mage Tower, jaribio la kupigana peke yako, mwaka 2021, walishusha vifaa vya kila mtu vikawa kiwango kimoja. Mwaka 2017 mwenye laini mbovu aliweza kukusanya silaha nzuri zaidi ili kufidia makosa ya mtandao. Njia hiyo wakaiziba, eti usawa. Usawa gani, wa mtu aliye kando ya seva na mtu wa Ndosho, hapa Goma?

Tunachotaka si bosi dhaifu. Kwanza: chumba chenye mchezaji mmoja kigande pale laini yake inapokatika. Seva inajua amepotea, na hakuna mwenzake ndani wa kucheleweshwa. Wakiogopa wajanja watakaochomoa waya ili kupumua, waweke kikomo, mara mbili kwa pigano, yatosha. Pili: bosi mwenye hatua tatu aweke alama kila hatua, ili aliyekatika hatua ya tatu asirudi ya kwanza. Tatu, na hili ndilo linaloudhi zaidi kwa sababu ni kazi ndogo: watenganishe vidhibiti. Nguvu ya pigo kivyake, muda wa onyo kivyake, rangi ya onyo kivyake. Mwenye macho mabovu haombi apigwe polepole. Joho na cheo cha kujivunia wawaachie wa ngazi ngumu, hatuna neno. Hadithi tumelipia sote.

Wakati tunasubiri, fanyeni haya. Simu yenye laini mbili: zima ile data inayojihamisha yenyewe, maana simu ikihama laini katikati ya pigano anwani yako inabadilika na seva inakutupa nje. 4G ikiwa inakuja na kupotea, ifunge simu kwenye 3G. Polepole iliyotulia ni bora. Zima masasisho ya Play Store. Kwa rangi, simu nyingi hapa ziko kwa Kifaransa: Paramètres, Accessibilité, Correction des couleurs, halafu ujaribu aina moja baada ya nyingine, inafanya kazi hata kama gemu halina chaguo hilo. Kwenye Final Fantasy XIV usisubiri kuona mlipuko: seva inaamua aliyepigwa pale unapojaa mstari unaoonyesha bosi anaandaa pigo, kwa hiyo toka kwenye eneo la rangi ya machungwa lililochorwa chini kabla mstari haujajaa.

Delestaji (umeme kukatwa kwa zamu) nayo: modemu ya volti 12 inaweza kula kwenye pawabenki kwa waya unaopandisha volti 5 kuwa 12, ila soma kibandiko. Modemu ikiandikwa ampia 1, hizo ni wati 12, na pawabenki ya ampia 2 inatoa wati 10 tu. Inaweza kuzima katikati ya pigano. Ikiandikwa 0.5, pawabenki ya mAh 10,000 inabeba kama saa tano.

NYONGEZA: Kwa wanaojibu kwamba bosi akilegezwa ushindi wao utapoteza thamani: joho lenu tumeshasema libaki kwenu. Someni tena.

NYONGEZA 2: Mnaotuma "hata kwangu inakatika" hamtusaidii. Andikeni jina la gemu, seva iko nchi gani, simu au kompyuta, na hatua ya bosi mliyokatika. Wa kompyuta ya Windows, fungueni dirisha la amri, andikeni ping -n 100 na jina la seva, mbandike ya chini, ya juu na ya wastani, moja ya asubuhi na moja ya saa mbili usiku. Watu wa Lubumbashi mtaje mji wenu, tusije tukachanganya namba zenu na za Kivu.