Mjadala: Mungu mmoja, majina mengi, basi mbona lango la Puri lina bawabu?

Mzee wa Hoja:
Wakuu, kila anayeisifu dini ya Kihindu hunukuu mstari wa Rigveda, kitabu kitakatifu cha kale cha Wahindu: kweli ni moja, wenye hekima huitaja kwa majina mengi. Vivekananda, mtawa wa Kihindu, naye alisimama Chicago Septemba 1893 akasema Wahindu wanazikubali dini zote kuwa za kweli. Haya, nenda Puri, jimbo la Odisha, kwenye hekalu la mungu Jagannath: asiye Mhindu haingii. Indira Gandhi mwenyewe, waziri mkuu, alizuiwa mwaka 1984 kwa sababu aliolewa na Mparsi, mtu wa dini ya Zarathustra. Julai 2018 Mahakama ya Juu ya India iliwataka wasimamizi wafikirie kuwapokea watu wa dini zote, ilimradi wafuate adabu za mahali. Lango lifunguliwe au libaki hivyo?

Kijana wa Ngara:
Lifunguliwe. Hapa Nairobi hekalu la Swaminarayan lipo tangu 1999. Unavua viatu, unaingia, hakuna anayekuuliza unasali wapi.

Shemeji wa Gujarat:
Hilo ni hekalu la mapokeo mengine, ndugu yangu, wala mapokeo hayo hayamsemei Jagannath. Watu mnadhani hekalu ni ukumbi wa kusalia. Pale Puri ni nyumba, na ina mwenyewe, Jagannath katika sanamu yake. Asubuhi anaamshwa, anasafishwa meno, anaogeshwa, anavishwa, anapakuliwa chakula, usiku analazwa. Wanaomhudumia wamerithi zamu hizo kwa baba na babu. Wingi wa njia kwa Mhindu uko kwenye ishta-devata, yaani mungu ambaye moyo wako umemchagua. Kwa wakwe zangu, mama ni wa Krishna, baba ni wa Shiva, na hakuna anayemwona mwenzake kapotea. Milango ni mingi. Si lazima kila mtu apitie huu mmoja. Mimi pia simwingizi mgeni chumbani kwangu, na bado namkaribisha chai barazani.

Binti Saidi:
Shemeji, hicho chumba ndicho walichofungiwa Wadalit, watu wa tabaka la chini kabisa, kabla ya uhuru, na sababu zilikuwa hizihizi: usafi, urithi, mapokeo. Mahatma Gandhi alikataa kuingia kwa ajili yao, na mkewe Kasturba alipoingia mwaka 1938 Gandhi alimkasirikia vibaya. Leo Wadalit wanaingia na Jagannath hajahama.

Mwalimu wa Jioni:
Niongeze moja, maana Rigveda inatajwa mno na Gita, kitabu kingine kitakatifu cha Wahindu, inasahaulika. Sura ya 9, Krishna anasema wanaoabudu miungu mingine kwa imani wanamwabudu yeye, ila si kwa utaratibu uliowekwa. Isome taratibu. Anakukaribisha, kisha anakwambia ulikuwa wake siku zote bila kujua. Mwislamu au Mkristo akiambiwa hivyo anaweza kuudhika kuliko kufungiwa lango! Kwa hiyo Mzee wa Hoja, "dini zote ni kweli" ya Vivekananda ni msimamo wa Mhindu mmoja mkubwa. Madhva, mwanafalsafa wa Kihindu wa karne ya 13, kwa mfano, alishikilia kwamba mungu Vishnu ndiye wa juu, na asingekubali kirahisi hivyo.

Shemeji wa Gujarat:
Nashukuru, Mwalimu. Na Binti Saidi, lako la Wadalit limeniuma, sina jibu jepesi. Lakini mnamsahau Salabega. Karne ya 17, baba Mwislamu, mama Mbrahmini, yaani wa tabaka la makuhani, mshairi wa Jagannath aliyezuiwa langoni. Kila mwaka Jagannath hutoka nje mwenyewe, kwenye gari la mbao la magurudumu 16, watu wa kila dini wanavuta kamba. Husimuliwa kwamba Salabega aliugua njiani akiwa mbali, akaomba asubiriwe, na gari likagoma kusogea hadi alipofika. Mpaka leo gari husimama penye kaburi lake.

Binti Saidi:
Kisa kizuri, Shemeji, nakubali. Ila kisome tena: mungu anamngoja Mwislamu barabarani, waliomfungia ni makuhani. Umenipa hoja yangu.

Shemeji wa Gujarat:
Au ndiyo maana anatoka.

Mzee wa Hoja:
Anatoka siku chache kwa mwaka, Shemeji. Hizo nyingine zote Salabega wa leo akae wapi?