Naomba ushauri: naigiza tamthilia, sasa nimeitwa kutangaza

Habari zenu wakuu. Nina miaka 4 naigiza kwenye tamthilia ya runinga. Wiki iliyopita kituo kingine kimeniita niendeshe kipindi cha asubuhi, mubashara, siku 5 kwa wiki. Nimefurahi, nisiwadanganye, ila nimekwama.

Mkataba wa tamthilia umebakiza miezi 7, na una kipengele kinachonikataza kuonekana kituo kingine bila idhini ya maandishi. Nimemgusia mtayarishaji kwa mdomo, akacheka tu: "Tutaongea." Barua sijaandika.

Halafu kuna jaribio la studio nililofanyiwa kwa ajili ya hicho kipindi cha asubuhi. Kwenye kuigiza nikikosea tunarudia. Kule mwongozaji ananiambia kupitia kifaa cha sikioni "sekunde 30, funga" huku mgeni bado anaongea, nikajikuta nimemjibu mwongozaji "sawa" kwa sauti! Mgeni akaduwaa, akadhani namkatisha. (Kweli nilikuwa namkatisha.)

Mliopita njia hii: hiyo idhini niiombe vipi bila mhusika wangu kuuawa ghafla kwenye hadithi? Na mlifanya mazoezi gani kuzoea kusikiliza watu wawili kwa mpigo?

Natanguliza shukrani.