Mjadala: Chanjo ya homa ya mafua kila mwaka, inajenga kinga au inaizoesha vibaya?

Kasuku_Mweupe (mleta mada):
Wakuu, nimechanjwa homa ya mafua miaka sita mfululizo na safari hii nimesita. Kuna utafiti wa shule moja ya bweni Uingereza uliotoka 1979. Wavulana waliochanjwa mwaka baada ya mwaka, walipojumlishwa waliougua katika misimu yote, hawakuwa na nafuu kuwashinda wenzao. Halafu kuna Canada, 2009: waliopata chanjo ya msimu uliotangulia walikwenda kwa daktari na kile kirusi kipya cha mafua aina ya H1N1 mara mbili hivi zaidi ya wasiochanjwa. Ninavyoelewa mimi, mwili ukionyeshwa sura inayofanana kila mwaka hurudia jibu lile lile la zamani na hauandai jipya. Siipingi chanjo, nataka kujua kama ni lazima iwe kila mwaka. Mtu mwenye afya anaweza kuruka mwaka mmoja au miwili. Wazee ndio kabisa, kinga yao imeshachoka, sindano haiwaongezei kitu. Karibuni tujadili.

MamaPacha:
Nimesoma vizuri mpaka mstari wa mwisho, nikakwama. "Kinga yao imeshachoka, sindano haiwaongezei kitu." Mama yangu ana miaka 81. Mwaka aliokosa chanjo alilazwa siku kumi na moja, mapafu yamejaa, na mhudumu mmoja akaniambia neno kama hili lako: kwa umri huu tusitegemee mengi. Alipona, bado anasimamia nyumba yake. Mtu asiye na mzazi mzee ndiye anayeweza kuandika hivyo bila mkono kutetemeka.

Jembe_la_Mpini:
Mleta mada ana hoja, msimzibe mdomo. Mwaka 2014 kuingia 2015 chanjo ilifanya kazi kwa asilimia 19 tu Marekani. Yaani katika watu mia, themanini na mmoja walidungwa bure. Kisa ni kukuza virusi kwenye mayai ya kuku: kirusi kinabadilika ili kipende yai, mwili unafundishwa kumpiga adui wa kuku.

Kasuku_Mweupe:
MamaPacha, umenihukumu bila kunijua. Baba yangu alifariki kwa nimonia iliyofuata homa ya mafua, na alikuwa amechanjwa mwezi mmoja na nusu kabla. Nilimpeleka mimi mwenyewe kwa mkono wangu. Kwa hiyo mkono unatetemeka, dada. Ndiyo maana nauliza.

Mpima_Seramu:
Nafanya kazi maabara, kupima kingamwili, wale askari wa damu wanaokamata virusi, ni kazi yangu ya kila siku, naomba niseme. Kasuku, pole kwa mzee.

Neno "imechoka" linatokana na namna tunavyopima. Tunazimua seramu ya mtu, yaani majimaji ya damu yake, hatua kwa hatua, 1:10, 1:20, 1:40, tukiangalia ni wapi itashindwa kuzuia kirusi kugandisha chembe nyekundu. Akifika 1:40 tunasema ana kinga. Nambari hiyo ilitokana na kazi iliyochapishwa 1972 kwa watu wazima waliojitolea kuambukizwa, na maana yake ni kiwango ambapo takriban nusu ya watu hukingika. Haikuwekwa kwa ajili ya bibi wa miaka 81. Kwa wazee seli T, askari wengine wa kinga wasio kingamwili, zina kazi kubwa, na kipimo chetu hakizioni kabisa. Mzee akionekana 1:20 kwenye karatasi yangu, siwezi kusema mwili wake haukujibu.

Na jibu la mzee linaweza kusukumwa. Mwaka 2014 yalitoka matokeo ya jaribio la watu zaidi ya 30,000 wa miaka 65 na kuendelea. Nusu walipewa chanjo yenye antijeni (kile kipande cha kirusi kinachoamsha kinga) mara nne ya kawaida, na walioipata waliugua kwa asilimia 24 hivi pungufu kuliko wa dozi ya kawaida. Kinga iliyokwisha isingepanda kwa kuongezewa dozi.

Jembe, umechanganya mambo mawili. Msimu wa 2014 tatizo halikuwa mayai. Kirusi cha mafua aina ya H3N2 kilibadilika baada ya virusi vya chanjo kuchaguliwa mwezi Februari, viwanda vikawa vimeshaanza. Mayai yalilaumiwa Canada msimu wa 2012 kuingia 2013, kisha tena 2016 kuingia 2017. Na asilimia 19 haimaanishi watu 81 walidungwa bure. Maana yake hatari ya kwenda kwa daktari na homa hiyo ilipungua kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na wasiochanjwa. Ni kidogo, nakubali, na iliniuma. Lakini ni kitu kingine na ulichoandika.

Jembe_la_Mpini:
Sawa, mwaka nimekosea. Yai sijakosea.

MamaPacha:
Asante Mpima. Miaka yote hii ndiyo mara ya kwanza naelezwa kile cha 1:40. Swali: mama alizaliwa miaka ya arobaini. Kuna kitu alichokipata utotoni ambacho bado kinamsaidia?

Ukungu_wa_Asubuhi:
Hapo umegusa penyewe, mama. Thomas Francis, yule aliyegundua homa ya mafua aina ya B, aliandika 1960 kwamba kirusi cha kwanza anachokutana nacho mtoto huacha alama isiyofutika. Kila kingine kinachofuata, mwili hukijibu kwa kurejea cha kwanza. Akaliita jambo hilo dhambi ya asili ya antijeni, na mimi naona jina hilo limepotosha watu miaka sitini. Si dhambi. Angalieni 2009: vijana waliugua sana, wazee kwa uwiano wakaponyoka, kwa sababu waliozaliwa kabla ya 1957 walikulia katikati ya H1N1, kizazi cha kirusi cha ile homa kuu ya dunia ya 1918. Na mwaka 2008 watafiti walichukua damu ya watu 32 walionusurika na 1918, wakakuta bado wana kingamwili dhidi ya kirusi kile, baada ya miaka 90! Seli kumbukumbu zilikuwa bado zinazunguka kwa baadhi yao. Sasa mtu anaandika kinga ya wazee imechoka. Imebeba karne nzima.

MamaPacha:
Nimeisoma hii mara tatu. Nitamsomea na mama.

Kasuku_Mweupe:
Ukungu, lakini huoni kwamba unanisaidia mimi? Kama alama ya kwanza ndiyo inayotawala, basi sindano ya kila mwaka inachokoza kumbukumbu ya zamani tu. Hicho ndicho nilichosema.

Ukungu_wa_Asubuhi:
Inachokoza ya zamani ndiyo, na wakati mwingine ya zamani ndiyo inayofaa. Kwa mama yake MamaPacha, H1N1 ikija ana akiba. Ikija H3N2, iliyoingia duniani 1968 akiwa mtu mzima, akiba ni ndogo, na misimu ya H3N2 ndiyo inayowaumiza wazee zaidi. Ndiyo maana yeye hasa anahitaji kukumbushwa.

Jembe_la_Mpini:
Mimi bado siwaelewi. Dada yangu alidungwa Jumatatu, Alhamisi homa kali. Akiba gani hiyo?

Mpima_Seramu:
Kingamwili huchukua wiki mbili hivi kupanda. Siku tatu ni mapema mno. Na kirusi cha sindano kimeuawa, hakiwezi kuzaliana mwilini. Mkono kuuma na joto la siku moja au mbili, hayo yapo, ni mwili unafanya kazi. Kama homa iliendelea, yaelekea alikuwa ameshaambukizwa kitu kingine kabla.

Jembe_la_Mpini:
Unamwita dada yangu mwongo.

Mpima_Seramu:
Sijamwita hivyo. Homa aliipata. Nilichokataa ni chanzo chake.

Nyuki_Kibuyuni:
Nimeingia sasa hivi, nimesoma yote. Kurasa nzima mnazungumzia wazee. Aliyeuliza aliuliza kila mwaka au la. Kuna mwenye jibu?

Mpima_Seramu:
Ni kweli, nilivutwa. Ule wa shule ya bweni ulikuja kufuatiwa na tafiti nyingine, baadhi hazikuona madhara yoyote ya kurudia. Mtafiti Derek Smith na wenzake walijaribu kueleza mgongano huo 1999 kwa wazo la umbali wa antijeni, yaani virusi viwili vinatofautiana kiasi gani machoni pa kinga. Chanjo ya mwaka huu ikifanana sana na ya mwaka jana, kingamwili zilizopo hukikamata kirusi cha chanjo kabla hakijawaamsha askari wapya. Kirusi kinachozunguka nacho kikiwa mbali na vyote viwili, umebaki na jibu dogo. Umbali ukiwa tofauti, tatizo halionekani, ndiyo maana msimu mmoja unasema hivi na mwingine vile. Ile hatari ya Canada 2009 ilikuwa mara 1.4 hadi 2.5 kutegemea utafiti, na nchi nyingine zilipotafuta kitu hicho hicho, zikiwemo Uingereza na Marekani, hazikukipata. Lakini tafiti nyingi zikiwekwa pamoja, aliyechanjwa mwaka huu, hata kama alichanjwa na mwaka jana, bado yuko salama kuliko ambaye hakuchanjwa kabisa. Anayeruka mwaka anaweza kupata jibu kubwa zaidi mwaka unaofuata. Ule mwaka alioruka anaupita mtupu.

Kwangu mimi hiyo bei ni kubwa. Nachanjwa kila mwaka.

MamaPacha:
Kasuku, ujumbe wako kuhusu mzee nilikuwa sijauona vizuri nilipokuwa na hasira. Pole sana, kaka. Ile kauli ya mkono kutetemeka naiondoa. Neno "imechoka" bado sijalikubali.

Kasuku_Mweupe:
Nimepokea, dada. Na mimi kuhusu wazee nimerudi nyuma, Ukungu na Mpima wamenionyesha. Kuhusu mimi mwenyewe, mwenye miaka 34 na sindano sita mwilini, bado sijaamua. Mpima, chanjo ya msimu huu ina H3N2 tofauti na ya mwaka jana, au ni ile ile? Nikijua hilo nitajua la kufanya.