Eror inasema tebo haipo na mi naiona kwa macho yangu (SQLite)

mgeni_wa_seva:
Wakuu habari zenu, naombeni msaada, siku ya pili hii nazunguka hapo hapo. Nina kaskripti kangu ka Python kanasoma databesi ya SQLite, nikikaendesha kwa mkono kanapiga kazi fresh kabisa, ila nikikaweka kwenye cron (ile ya kuendesha programu yenyewe kwa ratiba) kanakufa na eror "no such table: wateja". Sasa tebo ipo, nimefungua faili nimeiona na data zake zote, nimeifuta nikaiunda upya mara tatu, nimeristati seva, hadi jina la tebo nimebadilisha nikidhani neno lenyewe lina shida, wapi. Kwenye mipangilio nimeandika data.db tu basi. Nakosea wapi jamani?

baiti_mzee:
Iache hiyo tebo mkuu, haina kosa. Ukiandika data.db bila njia kamili (folda zote hadi kwenye faili), faili inatafutwa kwenye folda ambako programu imeanzishwa, we ukiendesha mwenyewe uko ndani ya folda ya mradi ila cron inaanzia home, folda binafsi ya yuza. Na SQLite ina kaugonjwa kake, ikikosa faili hailalamiki, inaunda nyingine tupu kimya kimya, halafu ukiulizia tebo inakujibu haipo, na kweli humo haimo. Nenda home piga ls -l (inaorodhesha faili na ukubwa wake) uone.

mgeni_wa_seva:
Duh! Ipo, data.db ya baiti 0, ya juzi dakika ile ile cron ilipoanza. Yaani nilikuwa natibu mgonjwa siye 😂

kimya_kimya:
Njia kamili weka, ila usiishie hapo. Fungua kwa file:/njia/kamili/data.db?mode=rw na uri=True kwenye sqlite3.connect, hapo faili ikikosekana haiundwi mpya, unaambiwa "unable to open database file", angalau unajua ni faili. Na ikija kugoma kuandika wakati faili ina ruhusa zote, kagua ruhusa za folda, maana kuna faili ya jono (journal, ya muda ya kulinda data wakati wa kuandika) inaundwa pembeni yake.

nyoka_wa_logi:
Afadhali yako. Mi databesi ya Postgres ilinizungusha na "password authentication failed", nikabadilisha paswodi weee, kumbe yuza mwenyewe hayupo, nilikosea herufi moja kwenye jina. Inaficha makusudi ili mtu baki asichunguze majina ya yuza, sawa, siilaumu, ila kwenye logi ya seva ilikuwa imeandika wazi kabisa kwamba huyo role (yuza wa databesi) hayupo na mi sikuwa nimeifungua hata mara moja. SQLite ndo naona haina utetezi, kuunda faili ambayo hukuiomba ni nini?

baiti_mzee:
@nyoka_wa_logi ukiunda databesi mara ya kwanza unaifurahia hiyo hiyo, hahaha. @mgeni_wa_seva ile ya baiti 0 ifute, isije ikakuzuga tena.

mgeni_wa_seva:
Nimeshafuta, cron imepita saa hii bila eror. Jina la tebo nalirudisha la zamani 🙏